Haki hupotea kabla ya kufika mahakamani

  Leo nakusudia tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa sura ya nje si la ibada, lakini lina uzito mkubwa katika nyumba zetu. Nalo ni elimu ya sheria za kila siku, na kazi inayoweza kufanywa na wakili wa mji mdogo katika kuieneza.

Katika mji ninaoishi mimi, mkoani Tanga, kando ya reli iendayo Moshi, ipo ofisi ya mawakili yenye vyumba viwili, jirani na duka la vipuri vya pikipiki. Mawakili wenyewe ni wawili, mmoja wao mwanamke. Kwa muda sasa wameshika desturi ya kukaa kibarazani kila Ijumaa baada ya Swala na kuwafundisha watu sheria bila malipo. Wiki hii huzungumzia mkataba wa kupanga nyumba, wiki ijayo mirathi, wiki nyingine ununuzi wa shamba au kufukuzwa kazi. Wanaokuja ni akina mama wenye vikapu vya soko, vijana wa bodaboda, na wazee waliotoka msikitini na kanzu zao. Wakristo nao huja, kwa sababu tatizo la kiwanja halichagui dini.

Nimehudhuria vikao hivyo mara kadhaa, nikikaa nyuma na kusikiliza. Jambo moja lilinigusa. Karibu kila swali lilianza kwa kutaja wakati uliopita: mwaka juzi niliachishwa kazi, miaka saba iliyopita nilimkopesha jirani, marehemu mume wangu alifariki zamani kidogo. Na jibu ambalo wakili alilitoa mara nyingi zaidi lilikuwa hili: "Haki ulikuwa nayo, mama, lakini umechelewa," au, "Haki unayo, mzee, lakini huna cha kuionesha." Ni wachache mno walioambiwa kwamba hawakuwa na haki tangu mwanzo.

Hapo ndipo ulipo msiba wetu. Tumezoea kulalamika kwamba haki hupotezwa na hakimu mla rushwa au na tajiri mwenye fedha za kuajiri mawakili wengi. Hayo yapo, na Allah atayahukumu. Lakini haki nyingi za watu wa kawaida hupotea mapema zaidi, mezani nyumbani, siku mtu aliposaini asichokisoma, au alipokaa kimya siku ambazo alipaswa kusema.

Milango iliyofunguliwa

Tuitazame kwanza hali ya nchi. Mwaka 2017 Bunge lilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria, iliyowatambua rasmi wasaidizi wa kisheria. Hawa si mawakili na hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, lakini wamepewa jukumu la kuelimisha, kumwongoza mtu katika taratibu na kumwelekeza chombo sahihi cha kupeleka shauri lake. Huduma yao ni ya bure. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Mwaka huohuo pia mawakili waliruhusiwa kuingia katika Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi, mahali walipokuwa wamezuiwa kwa miaka mingi. Mwaka 2023 ikazinduliwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyopeleka wanasheria mikoani hadi vijijini kusikiliza wananchi. Aidha, kila mwaka Mahakama huadhimisha Wiki ya Sheria na kutoa elimu kwa umma.

Yote hayo ni heri, na mwenye kushukuru watu ndiye mwenye kumshukuru Allah. Hata hivyo, kampeni huja na kuondoka. Mahema hukunjwa, magari hurudi mjini, na mgogoro wa mjane hauanzi wiki ambayo wanasheria wapo. Mawakili wengi wamejazana Dar es Salaam na katika miji mikubwa, kwa kuwa ndiko kwenye mabenki na makampuni. Kwa hiyo ofisi moja ya mji mdogo, inayofunguliwa kila asubuhi na ambayo mwenyewe anajulikana nyumbani kwake, ina faida ambayo kampeni haiwezi kuwa nayo: leo ipo, na kesho utaikuta palepale.

Dini yetu na kalamu

Wapo ndugu zetu wanaoona kwamba mambo ya makaratasi ni ya serikali na kwamba Muislamu anatosheka na neno la Muislamu mwenzake. Hao wajikumbushe kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii swala wala hija. Inazungumzia deni: kwamba liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mwenye kudaiwa ndiye atamke, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika liwe deni dogo au kubwa. Mola wetu anajua kwamba waumini wanapendana, na bado akawaamrisha kuandika. Karatasi haimaanishi kwamba humwamini nduguyo. Inamlinda yeye na wewe, na inawalinda watoto wenu watakaobaki baada yenu.

Tena Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Ummu Salama (R.A.), aliwaeleza wenye kugombana mbele yake kwamba yeye huamua kwa kadiri ya anavyosikia, na kwamba huenda mmoja wao akawa hodari zaidi wa kueleza hoja yake. Akaonya kwamba atakayehukumiwa haki ya nduguye kwa njia hiyo amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa Mtume wa Allah aliamua kwa ushahidi ulioletwa mbele yake, vipi leo tumlaumu hakimu kwa kutoujua ukweli ambao hatukuuandika?

Mirathi: kosa langu mwenyewe

Naomba nitoe mfano unaonihusu, na ninautoa kwa masikitiko. Miaka mingi iliyopita alifariki mtu wa mtaani kwetu. Aliacha mke, mama yake mzazi, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Baada ya arobaini jamaa waliniita niwagawie mirathi. Nilitoa thumni ya mke, nikatoa sudusi ya mama, kisha kilichobaki nikawagawia watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Katika mafungu 120, mke alipata 15, mama 20, kila mtoto wa kiume 34, na wa kike 17. Hesabu ilikuwa sahihi. Niliiandika, wote wakatia saini, tukasoma Fatiha, tukatawanyika.

Sikuwaambia waende Mahakama ya Mwanzo kuomba ateuliwe msimamizi wa mirathi. Kwa ujana wangu niliona kwamba faraidhi imeshagawiwa, basi imekwisha. Nyumba ikabaki katika jina la marehemu, na makaratasi yake akakabidhiwa kaka wa marehemu ayahifadhi. Huyo hakuwa mrithi kabisa, maana marehemu alikuwa ameacha watoto wa kiume. Baada ya miaka kadhaa akaiuza nyumba. Mjane alipokwenda kulalamika katika Baraza la Ardhi, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa kama yeye ndiye msimamizi wa mirathi. Akatoa karatasi yangu. Ikarudishwa.

Alikuja kwangu jioni. "Shikamoo, sheikh. Ile karatasi uliyotuandikia wameikataa." Sikuwa na la kumjibu. Ilibidi aanze mwanzo: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, maombi mahakamani. Alipopata usimamizi, mnunuzi alikuwa ameshabomoa ukuta na kujenga upya, na shauri likachukua miaka. Mama wa marehemu, mwenye mafungu yake 20, alifariki kabla ya kuuona mwisho.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba faraidhi hueleza nani anapata nini, na utaratibu wa mahakama ndio unaomwezesha kukipata. Huku Tanzania Bara, Muislamu anapofariki, Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusimamia mirathi yake kwa sheria ya Kiislamu. Ni msimamizi aliyeteuliwa peke yake anayeweza kudai au kudaiwa kwa niaba ya mirathi. Msimamizi huyo anatakiwa, ndani ya miezi minne, kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni na hesabu ya mgawanyo, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Wengi hawalijui hili, wakadhani kuteuliwa ni kupewa mali. Msimamizi ni mtu wa amana. Akila, amekula mali ya mayatima, na adhabu ya jambo hilo tunaijua sote.

Ndoa, talaka na nyumba

Tatizo la pili ni talaka. Zanzibar ndugu zetu wana Mahakama ya Kadhi, na Kenya Kadhi ametajwa katika katiba. Huku Bara inatuhusu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwa sheria hiyo mgogoro wa ndoa hupelekwa kwanza katika baraza la usuluhishi. Likishindwa, hutoa cheti, na kwa cheti hicho ndipo shauri hufunguliwa mahakamani. Kwa wanandoa Waislamu sheria imeweka kifungu maalumu: baraza likishathibitisha kuwa limeshindwa kusuluhisha, kisha ikapita talaka kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, mahakama itatambua kuwa ndoa imevunjika na itatoa amri ya talaka.

Maana yake ni kwamba mwanamume anayetoa talaka kwa karatasi ya daftari, na mwanamke anayeikunja karatasi hiyo na kuitia katika sanduku, wote wawili machoni pa sheria ya nchi bado ni wanandoa. Mume akifa, au mwanamke akitaka kudai mali walizochuma pamoja, hapo ndipo vurugu huanza. Sisi masheikh tunaoandika karatasi hizo tuna wajibu wa kuwaambia watu hatua inayofuata. Kunyamaza kwetu ni kumwachia mtu nusu ya njia.

Vilevile sheria hiyo inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali za ndoa. Watu hukumbuka sehemu hiyo na kusahau nyingine: rufaa ya mama yule haikufaulu, kwa sababu mahakama iliona amefuja fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia. Wapo kati yetu wasiopendezwa na msingi uliowekwa pale. Lakini kutokuujua hakuuondoi, na mwanamume mwenye busara huuliza kabla hajaambiwa na hakimu.

Siku zinazohesabiwa

Nilichojifunza zaidi katika kibaraza kile ni namna sheria inavyohesabu siku. Aliyeachishwa kazi na kuona ameonewa ana siku 30 za kupeleka malalamiko yake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Madai yatokanayo na mkataba yana miaka 6, na madai ya kurejeshewa ardhi yana miaka 12. Mlango wa kuomba kuongezewa muda upo, lakini unahitaji sababu ya kutosha, na kutokujua sheria kwa kawaida hakupokelewi kuwa ni sababu.

Kijana mmoja pale aliachishwa kazi ya ulinzi. Tajiri wake akamwambia, "Subiri, mwanangu, tutakuita." Akasubiri miezi mitano kwa adabu. Adabu ni jambo jema, lakini angeweza kusubiri huku karatasi yake imeshapokelewa Tume.

Katika ardhi, wengi hununua shamba kijijini kwa karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti peke yake. Muhuri huo si idhini ya halmashauri ya kijiji, na Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo ni batili. Aidha, tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Bado wapo wanaotembea na "hukumu" ya kata mifukoni wakidhani wameshinda.

Na katika mikopo, akina mama zetu wanaumizwa na ile inayoitwa kausha damu. Mbali na riba, ambayo hukumu yake katika dini haina mjadala, wengine husaini fomu tupu na kukabidhi kadi zao za benki. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Kuuliza, "Leseni yako iko wapi?" kunachukua dakika moja.

Pingamizi mbili

Nimesikia watu wakisema kwamba mawakili wale wanatafuta wateja. Hoja hii si ya kupuuzwa. Wakili anazuiwa na kanuni za maadili za mwaka 2018 kuwinda wateja, na sisi tuna haki ya kumtazama. Lakini kipimo ni rahisi. Anayefundisha hueleza sheria kwa wote, huwaambia watu mambo wanayoweza kuyafanya wenyewe bila wakili, na humwambia mtu ukweli hata kama ukweli huo ni kwamba shauri lake halina nguvu. Mawakili wa mtaani kwetu nimewaona wakimrudisha mzee mmoja akapatane na mwanawe, badala ya kumfungulia kesi. Ikiwa baadaye mtu atawaajiri kwa sababu amewaamini, hiyo ni riziki ya halali.

Ninaowaogopa ni wengine: wale waitwao mawakili vishoka, wanaokaa karibu na mahakama wakiandika hati na kupokea fedha bila kuwa na sifa. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili unaowezesha kuhakiki jina la wakili. Mwambie kijana wako mwenye simu akuhakikie kabla ya kutoa hata shilingi moja. Na msaidizi wa kisheria akikudai malipo, jua kwamba sheria iliyomtambua haimruhusu.

Pingamizi la pili ni kwamba elimu ya kibarazani haitoshi. Ni kweli, haitoshi. Somo la jumla halimwokoi mwenye shauri gumu, na si busara mtu kueleza siri ya ndoa yake mbele ya watu arobaini. Mawakili wale wenyewe husema hivyo, na mwenye jambo lake la faragha humwambia aingie ndani. Lakini somo hilo humfanya mtu ajue kwamba ana tatizo la kisheria wakati bado linatibika. Mgonjwa anayejua dalili huwahi hospitali.

Tufanye nini?

Kwanza, kamati za misikiti ziwaalike mawakili waaminifu wa miji yao, angalau mara moja kwa mwezi, na nafasi ya akina mama itengwe ipasavyo. Sheikh na wakili wakae meza moja: huyu aeleze faraidhi, yule aeleze utaratibu, ili mjane asitupiwe huku na huko.

Pili, kila familia iwe na bahasha moja mahali pa salama, yenye cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati au mkataba wa nyumba na shamba, orodha ya madeni tunayodai na tunayodaiwa, na wosia. Tukumbuke kuwa wosia wetu hauvuki theluthi na haumpi mrithi zaidi ya fungu lake bila ridhaa ya wenzake. Wakala wa usajili, RITA, hupokea na kuhifadhi wosia. Mke na mume wote wajue bahasha hiyo iko wapi.

Tatu, sisi masheikh tukubali kujifunza. Nilisoma fiqhi madrasa na nikaisoma tena chuo kikuu, na bado mjane yule alirudi na karatasi yangu mkononi. Leo kila ninapoitwa kugawa mirathi, kabla sijashika kalamu nauliza: "Nani ameteuliwa na mahakama?" Wakinijibu hakuna, huwaomba waanzie huko, kisha waniite tena.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) atuwezeshe kutekeleza amana kwa wenyewe, awalipe kheri wanaofundisha bila kudai malipo, na asitujaalie kuwa sababu ya kupotea haki ya yatima kwa ujinga wetu. Wabillahi tawfiq.